Vile vimpira ulivyovitupa

Naanza kwa kuungama. Miaka michache iliyopita niliandika habari ambayo siku ya pili yake gazeti letu lililazimika kuomba radhi, ukurasa wa pili, kona ya chini, na kosa lilikuwa langu mia kwa mia. Nilikuwa nimetoka kusini kumhoji mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho kuhusu malipo ya msimu. Nilirekodi kila kitu. Nikarudi Dar, nikakuta umeme umekatika, jenereta linaunguruma chini ya dirisha la chumba cha habari, na mhariri amesimama nyuma ya kiti changu anaangalia saa. Nikachomeka eafoni, nikaanza kunakili. Mzee yule alisema, "Hatutalipa mwezi huu." Mimi nikasikia, "Tutalipa mwezi huu."

Silabi moja tu. "Ha." Sauti yenyewe ni pumzi, haina hata nguvu ya kugonga meza. Asubuhi yake wakulima kadhaa walifika kwenye ofisi ya chama wameshika nakala ya gazeti, wanadai chao. Wengine walikuwa wametoka mbali. Mzee akanipigia simu, wala hakugomba, aliniuliza tu kwa upole, "Mwanangu, mimi nilikukosea nini?" Ningependelea angenitukana.

Kwa muda mrefu nililaumu jenereta. Baadaye nikamlaumu kijana aliyeniuzia zile eafoni pale Kariakoo. Kumbe hakuwa na kosa. Zilikuja na kifuko kidogo cha nailoni chenye vimpira vya akiba, jozi mbili, vidogo na vikubwa, na mimi kama wengi wenu nilikitupa kwenye droo bila kukifungua. Masikio yangu yalihitaji vile vikubwa. Nilikuwa nimevaa vya kati, vinavuja, na unguruma wote wa jenereta unapita kandokando kama maji kwenye mlango usiofika chini.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchunguza kimpira. Mnaonifahamu mnajua nikishika kitu sikiachii. Nimekuta kina historia ndefu kuliko redio, ndefu kuliko simu, na imepita mikononi mwa madaktari, wauza pombe, mafundi wa viwandani na wapiga ngoma. Haya, tuanze.

Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, daktari René Laennec aliletewa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Desturi ya wakati ule ilikuwa daktari aweke sikio lake juu ya kifua cha mgonjwa. Laennec akaona haya. Akachukua karatasi, akaiviringisha ikawa mrija, upande mmoja kifuani, upande mwingine sikioni kwake, na akayasikia mapigo ya moyo vizuri kuliko alivyowahi kuyasikia kwa kuweka sikio lenyewe. Kitabu chake kikatoka 1819. Huo ndio mwanzo wa stetoskopu, kile kidude ambacho madaktari wetu huvaa shingoni hata wakienda kununua vocha.

Mrija wa Laennec, ambao baadaye aliutengeneza kwa mti, ulikuwa wa sikio moja. Cha masikio mawili kilichofaa kutumika kila siku kilikuja 1852, New York, kazi ya daktari George Cammann. Na hapa ndipo kimpira chetu kinapoonekana kwa mara ya kwanza, ingawa hakikuwa cha mpira. Ncha za kuingia masikioni za stetoskopu ya Cammann zilikuwa za pembe ya ndovu. Miaka hiyohiyo meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikija Unguja kupakia pembe, na Marekani ilikuwa na konsuli wake pale tangu 1837. Sehemu kubwa ya pembe iliyochongwa kuwa vitufe vya piano huko Connecticut ilipitia bandari ileile ambayo leo tunashukia boti. Watu na tembo wa bara letu walilipa gharama ya muziki wa sebule za watu ambao hawakuwahi kuwaona. Hilo ni somo la siku nyingine, lakini nisingeweza kulipita kimya.

Turudi kwenye sikio. Mafundi wa stetoskopu waligundua mapema kwamba haitoshi ncha kuingia, ni lazima izibe. Ndiyo maana mirija ile miwili ina chuma chenye kubana, na ndiyo maana ncha zake zinaelekea mbele kidogo, upande wa pua. Tundu la sikio haliendi moja kwa moja kuelekea katikati ya kichwa kama tunavyodhani. Linapinda, halafu linaelekea mbele. Kwa mtu mzima lina urefu wa kama milimita 25 na upana wa kama milimita 7, na kona mbili njiani. Daktari anayevaa stetoskopu kinyumenyume atasikia moyo wa mgonjwa kwa mbali sana, au asiusikie kabisa, na mgonjwa hajafa.

Waliofuata ni wenye baa. Tarehe 23 Novemba 1889, katika baa iitwayo Palais Royale mjini San Francisco, Louis Glass aliweka fonografu ya Edison ndani ya kabati la mti, yenye mirija minne ya kusikilizia. Kila mrija ulikuwa na tundu lake la sarafu. Unatumbukiza senti 5, unaweka mrija sikioni, unasikia wimbo mmoja. Wakati ule hapakuwa na kikuza sauti cha umeme, na sauti ya fonografu ilikuwa nyembamba kama ya mbu. Ikitoka hewani ndani ya baa yenye kelele, imepotea. Ikipita kwenye mrija na kuingia sikio lililozibwa, inatosha na kubaki. Kwa miezi sita mashine ile inasemekana ilikusanya zaidi ya dola 1,000. Na wateja walikuwa wanawekewa taulo pembeni wafute ncha ya mrija kabla ya kuvaa, maana nta ya sikio la jirani haikuwa sehemu ya burudani. Kwa hiyo unapomnyima rafiki yako eafoni kwa sababu ya usafi, ujue una watangulizi.

Miaka miwili baadaye, 1891, mhandisi Mfaransa Ernest Mercadier alipata hataza ya Marekani kwa kitu ambacho ukikiona kwenye mchoro utashtuka. Ni vipokea sauti viwili vidogo vya simu, vyenye ncha za kuingizwa ndani ya masikio, uzito wake hauzidi gramu 50 hivi. Juu ya ncha aliweka kifuniko cha mpira. Na maelezo yake ya hataza yanataja kazi mbili za mpira huo: kupunguza msuguano kwenye mlango wa sikio, na kuliziba sikio lisisikie kelele za nje. Soma tena. Mwaka 1891! Wakati huo hapa kwetu Wajerumani walikuwa ndiyo kwanza wanachukua pwani, na huko Paris mtu alishaandika karibu yote ambayo leo yameandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi la eafoni.

Kwa nini basi wazo lile lililala karibu miaka mia? Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba sauti ilipata nguvu. Vikaja vikuza sauti vya umeme, redio, spika, halafu hedifoni kubwa za kufunika sikio. Hakukuwa tena na haja ya kuingiza kitu ndani ya tundu. Wazo likabaki kwa watu wa aina moja tu, wale ambao hawakuwa na uchaguzi: watu wenye usikivu hafifu.

Hapo inabidi nieleze fizikia kidogo. Msikimbie, nitatumia pampu ya baiskeli.

Ziba tundu la pampu kwa kidole, kisha sukuma mpini. Unasikia ukinzani. Sasa legeza kidole kiache upenyo mdogo. Ukisukuma polepole, hewa inachuruzika yote, huoni ukinzani wowote. Ukisukuma kwa ghafla, ukinzani unarudi, kwa sababu hewa haijapata muda wa kutoroka kupitia kale kaupenyo. Eafoni ndani ya sikio ni hivyohivyo. Spika yake ni ndogo mno, haiwezi kusukuma hewa ya chumba. Inachoweza ni kukandamiza kile kipande kidogo cha hewa kati yake na ngoma ya sikio. Kipande hicho kikifungwa vizuri, hata mtikisiko mdogo wa spika unazaa shinikizo kubwa. Kikivuja, sauti nzito, yaani besi, ambayo mitikisiko yake ni ya polepole, inachuruzika na kuisha. Sauti nyembamba, ya mitikisiko ya haraka, inabaki. Ndiyo maana eafoni isiyokaa vizuri inalia "chi chi chi" kama kindoo cha bati. Spika haijaharibika. Besi imetoroka kupitia upenyo ambao huuoni hata kwa kioo.

Mafundi wa shimesikio, vile vifaa vya kusaidia kusikia, walilijua hili miongo mingi kabla ya wapenzi wa muziki. Wao walikuwa na adhabu ya papo kwa papo: shimesikio likivuja, sauti inatoka nje, inaingia tena kwenye maikrofoni yake, inakuzwa, inatoka tena, na kifaa kinapiga mluzi mbele za watu. Kwa hiyo walijifunza kuchukua umbo la sikio la kila mgonjwa kwa kumimina udongo laini wa silikoni, ukikauka unatengenezewa kizibo cha mtu huyo peke yake. Wakaenda mbali zaidi. Kwa mgonjwa anayesikia sauti nzito vizuri lakini hasikii nyembamba, walitoboa makusudi kijitundu kwenye kizibo ili besi itoke. Yaani uvujaji ule ulioniletea mimi aibu, wao waliupima kwa milimita na kuufanya dawa.

Upande mwingine, viwandani, kulikuwa na watu waliotaka sikio lizibwe bila sauti yoyote kuingia. Ujerumani walikuwa na Ohropax, vizibo vya nta na pamba vilivyobuniwa 1907. Lakini mapinduzi yalikuja kwa bahati. Mwaka 1967 huko Massachusetts, Ross Gardner na wenzake katika kampuni ya National Research walikuwa wakitafuta kitu cha kuziba viungio na kumeza mtikisiko. Wakapata sponji ambayo ukiifinya haikurudi haraka. Ilirudi polepole, kama mtu anayeamka Jumapili. Wakaona: ukiiviringisha kati ya vidole ikawa nyembamba, ukaiingiza sikioni, itavimba yenyewe na kujaza kila kona. Kufikia 1972 vizibo vile vya njano vilikuwa sokoni, na ndivyo unavyoviona hadi leo masikioni mwa wafanyakazi wa migodini na viwanja vya ndege. Uzuri wake ni kwamba sponji haijali tundu lako lina umbo gani. Silikoni ni duara. Matundu ya watu wengi si duara.

Sasa mchanganyo ulikuwa tayari, alihitajika mtu wa kuuchanganya. Mtu huyo, kwa hesabu zangu, ni Mead Killion. Alifanya kazi miaka mingi katika kampuni ya Knowles ya Illinois, watengenezaji wa spika ndogo kuliko punje ya mahindi kwa ajili ya shimesikio, kisha 1983 akaanzisha kampuni yake, Etymotic Research. Kwanza walitengeneza eafoni za wapima usikivu hospitalini, zinazoingia sikioni kwa kizibo cha sponji kilichotobolewa katikati. Wapimaji walihitaji uhakika kwamba sauti waliyoituma ndiyo iliyofika. Mwaka 1991 ikatoka ER-4, ya kusikilizia muziki, na mpira wake ni ule wenye ngazi tatu, kama mti wa Krismasi. Ukiuona unadhani ni kifaa cha kutesea watu. Unaingia ndani kweli, kuliko unavyotaka.

Kwa nini ndani vile? Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kuziba ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kina. Sikio lililo wazi lina mwangwi wake wa asili, kwenye masafa ya karibu hezi 2,700, unaozipa nguvu sauti za eneo hilo, na ni eneo muhimu sana kwa kusikia maneno. Ukiliziba, mwangwi huo unakufa na mwingine unazaliwa, unaotegemea umbali kati ya ncha ya eafoni na ngoma ya sikio. Umbali ukiwa milimita 20, mwangwi mpya unakaa karibu na hezi 8,500. Ukisukuma ndani hadi milimita 15, unapanda kupita 11,000. Huo wa kwanza unaangukia karibu na "s" na "sh", ndiyo maana eafoni ileile, wimbo uleule, mtu mmoja anasema inakwaruza na mwenzake anasema ni tamu. Wanabishana kuhusu milimita 5.

Killion alikuwa na sababu ya pili. Ziba masikio yako kwa vidole useme "uuu". Unajisikia uko ndani ya pipa, siyo? Sauti yako inatikisa mifupa na nyama za taya, mtikisiko unaingia kwenye sehemu ya nje ya tundu la sikio, iliyo ya gegedu laini, na kwa kuwa mlango umefungwa haina pa kutokea. Mtafiti Jozef Zwislocki alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba kizibo kikifika ndani zaidi, kwenye sehemu iliyozungukwa na mfupa, pipa lile linatoweka kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1988 Killion na wenzake walichapisha makala ambayo kichwa chake kilikiri wazi kwamba Zwislocki alikuwa sahihi. Napenda vichwa vya habari vya namna hiyo. Natamani na sisi magazetini tungeviandika mara nyingi zaidi, kuhusu watu ambao hatukuwasikiliza miaka thelathini.

Sasa twende jukwaani. Agosti 1965 Beatles walipiga kwenye uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000 wanaopiga mayowe, na hawakuweza kujisikia wenyewe. Jibu la miaka iliyofuata likawa kuweka spika sakafuni zikiwaelekea wanamuziki, na kila bendi ilivyozidi kupiga kwa nguvu, ndivyo spika zile zilivyoongezwa. Mashindano yasiyo na mshindi. Waliokuwa wanapoteza ni wapiga ngoma, kwa kuwa wao wamekaa katikati ya kelele yao wenyewe.

Mwaka 1995 mpiga ngoma wa Van Halen, Alex Van Halen, usikivu wake ulikuwa unaharibika. Fundi wake wa sauti jukwaani, Jerry Harvey, akaamua kumtengenezea kitu. Alichukua teknolojia ya watu wa shimesikio: kizibo kilichochukuliwa umbo la sikio la Alex mwenyewe, ndani yake spika mbili ndogo, moja ya besi na moja ya sauti nyembamba. Wanamuziki wengine wakaziona wakataka zao, na kampuni ya Ultimate Ears ikazaliwa mwaka huohuo. Wazo la kuvaa sauti sikioni jukwaani lilikuwepo kabla yake, tusimpe Harvey sifa zote. Lakini baada yake likawa biashara. Ile spika ya sakafuni ikaanza kuondoka.

Kuna ujanja mmoja wa kuchukua umbo la sikio la mwimbaji ambao ulinifurahisha. Anawekewa kitu cha kung'ata, ili mdomo ukae wazi wakati silikoni inakauka. Sababu ni kwamba taya likisogea, tundu la sikio linabadilika umbo. Kizibo kilichochukuliwa mdomo ukiwa umefungwa kitaziba vizuri mpaka mwimbaji aanze kuimba, na hapo ndipo kitaachia. Jaribu wewe mwenyewe: vaa eafoni, tafuna korosho, usikilize besi inavyokuja na kuondoka. (Ndiyo, nimechagua korosho makusudi.)

Sisi wengine huku chini tulichukua njia tofauti. Mwaka 1982 Sony walitoa vile vya plastiki vinavyokaa mlangoni mwa sikio bila kuingia, na mwaka 2001 iPod ikavipaka rangi nyeupe na kuvifanya vazi. Havikuzibi kitu. Besi inavuja, kelele za nje zinaingia, na dawa ya mvaaji ni moja tu, kuongeza sauti. Hao walikuwa ni sisi, kwenye daladala, spika ya dereva inapiga Bongo Fleva yake na wewe unapiga yako juu yake. Ilikuwa karibu na mwanzo wa miaka hiyo ya 2000 ndipo eafoni za vimpira vya silikoni zilipoanza kushuka bei na kuingia mitaani, halafu wachina wakazimwaga kila mahali, na kile kifuko cha nailoni kikaanza maisha yake ya kutupwa.

Kinachoniuma ni hesabu yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Tuseme kelele za basi zinakufanya upandishe hadi desibeli 95. Ni hatua tano: 40, 20, 10, 5, 2 na nusu, saa moja na robo. Saa moja na robo kwa wiki nzima! Mtu wa Mbagala anayefanya kazi Mwenge anaimaliza Jumatatu, kabla hajafika kazini. Mwaka 2022 shirika hilohilo lilikadiria vijana zaidi ya bilioni moja, wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kuharibu masikio kwa kusikiliza kwa sauti kubwa. Kimpira kinachoziba hakimfanyi mtu kuwa na adabu, anaweza kupandisha sauti hata hivyo, na barabarani ni hatari usiposikia honi. Lakini kinamwondolea ile sababu ya kupandisha.

Oktoba 2019 Apple, walewale wa plastiki nyeupe, walitoa AirPods Pro zenye vimpira vya saizi tatu, na ndani yake kuna maikrofoni inayoangalia upande wa ngoma ya sikio. Simu inapiga kipande cha sauti, maikrofoni inapima kilichobaki ndani, kisha inakuambia kama umeziba au unavuja, kila sikio peke yake. Mwaka 2022 toleo la pili likaongeza saizi ya nne, ndogo zaidi. Nilicheka nilipolisoma hilo. Kampuni tajiri kama ile imelazimika kuweka maikrofoni na programu ili kumshawishi binadamu afungue kile kifuko.

Sisi wa eafoni za elfu tano tunaweza kufanya kipimo hicho bure. Weka wimbo wenye besi. Shika juu ya sikio kwa mkono wa upande wa pili, livute juu na nyuma, ingiza eafoni, achia. Sasa isukume ndani kidogo kwa kidole. Kama besi inaongezeka unaposukuma na kupungua unapoachia, kimpira ni kidogo kwako. Kama sikio linauma baada ya nusu saa, au eafoni inajisukuma nje yenyewe, ni kikubwa. Na usidhani masikio yako ni mapacha, yasikilize moja moja. Vimpira vya sponji vinaziba vizuri zaidi lakini vinameza kidogo sauti nyembamba, na kwa jasho letu la Dar havidumu.

Ile sauti ya mzee bado ninayo, sijaifuta. Mwezi uliopita jenereta likiwa limewashwa tena nilikwenda kwenye dawati lilelile nikaiweka, mara hii nimevaa vimpira vyangu sawasawa, sauti ikiwa chini kuliko nilivyozoea. Dakika ya 11 na sekunde kadhaa anavuta pumzi, anakohoa, halafu anasema. Ile "ha" ipo. Ipo wazi kabisa, na baada yake anakaa kimya kidogo, kama mtu anayesubiri uandike.

Kushoto navaa kikubwa, kulia cha kati.